Harusi za Desemba, soketi moja, na mtu wa kusema "ZIMA"

Najua nimepotea. Kazi zilikuwa nyingi, na kuna seva moja iliyoninyima usingizi wiki nzima. Lakini leo siandiki juu ya seva wala programu. Leo nina hasira, na nitaandika juu ya ekstensheni.

Ndiyo, ekstensheni. Ule waya mweupe wenye matundu manne ambao pengine uko chini ya meza yako sasa hivi, umeshikilia kompyuta unayosomea maneno haya.

Jaribu kitu kimoja. Ingia kwenye intaneti utafute ushauri wa usalama wa stima nyumbani wakati wa sikukuu za mwisho wa mwaka. Utaambiwa uumwagilie maji mti wako wa Krismasi usikauke. Utaambiwa usogeze hita mbali na pazia. Utaambiwa uangalie theluji isiingie kwenye taa za nje. Ushauri mzuri sana, kwa mtu wa Chicago. Mimi natoka Kizingitini, kisiwa cha Pate, Lamu Mashariki. Kwetu Desemba hakuna theluji. Kuna joto, kuna upepo wa kaskazi, shule zimefungwa, jamaa wa Mombasa na Malindi wamerudi nyumbani, na kuna harusi. Harusi juu ya harusi. Na kila harusi ina taa za rangi, spika, feni, friji la kuazima, na chini ya vyote hivyo kuna soketi MOJA ukutani.

Kuna kichekesho kidogo hapa. Taa hizi za mapambo zilipobuniwa zilikuwa suluhisho. Watu wa Ulaya na Marekani walikuwa wakiwasha mishumaa juu ya matawi makavu ndani ya nyumba. Desemba ya mwaka 1882, Edward Johnson, mshirika wa Thomas Edison, akauzungushia mti wake balbu 80 za umeme huko New York. Balbu haikuwa na ulimi wa moto. Sisi tumechukua kitu kilicholetwa kuondoa moto na tukakifanyia ufundi mpaka kikarudi kuwa mshumaa.

Nikupe kisa. Desemba ya mwaka jana nilikuwa nyumbani kwa harusi ya binamu yangu. Karibu saa tano usiku nimeketi ukumbini, nikasikia harufu. Mtu yeyote aliyewahi kuunguza bodi ya kompyuta anaijua harufu hiyo: plastiki tamu-tamu, inayokaa kooni. Nikaifuata kwa pua kama paka. Soketi ya ukumbini ilikuwa imegeuka rangi ya chai. Ekstensheni ya kwanza imechomeka hapo, ya pili imechomeka kwenye ya kwanza, ya tatu imepita chini ya mkeka kwenda upande wa wanawake. Nikagusa plagi, nikaondoa mkono haraka. Sentimita chache juu yake, boriti, na juu ya boriti, makuti.

Nikataka kuzima swichi kuu. Swichi kuu iko wapi? Iko chumba cha bi harusi, nyuma ya kabati. Chumba kimefungwa. Ufunguo anao shangazi. Shangazi yuko nje kwenye vugo, na ukijaribu kumtoa mwanamke wa Kizingitini kwenye vugo utajua hujui.

Basi nikachukua leso kavu, nikaizungusha mkononi, nikaing'oa plagi. Giza. Muziki ukakatika. Zikapigwa kelele ambazo nafikiri zilisikika Faza.

Mjomba wangu akaja. "Mwanangu, ni wewe umezima?"

"Ni mimi, mjomba. Soketi inaungua."

"Wewe si fundi wa kompyuta? Basi shughulika na kompyuta. Hii nyumba ina stima miaka yote hiyo na haijaungua."

Nikanyamaza, maana mjomba ni mjomba. Dakika tano baadaye kijana mmoja akaleta ekstensheni nyingine, akaichomeka soketi ile ile, taa zikawaka, watu wakapiga makofi. Mimi nikakaa macho mpaka alfajiri, mgongo ukutani, nikiilinda soketi kama askari. Mamangu hulala chumba cha pili kutoka hapo.

Sasa tufanye hesabu, si kwa kujionyesha, ni kwa sababu hasira bila hesabu ni kelele tu.

Stima ya Kenya ni volti 240. Ukitaka kujua mkondo, gawanya wati kwa volti. Usiku ule kwenye soketi ile palikuwa na spika na mashine yake, tuseme wati 500. Friji 200. Birika la umeme 2,000. Pasi ya kunyooshea kanzu 1,200. Feni tatu, 180. Taa za rangi, 100. Jumla wati 4,180. Gawanya kwa 240, unapata ampea 17 na nukta 4.

Ekstensheni za bei nafuu mara nyingi zina waya mwembamba wa milimita za mraba 0.75. Waya wa namna hiyo umekusudiwa kubeba ampea 6. Tumeupa karibu mara tatu. Na hapa watu wengi hukosea: joto la waya haliongezeki sawa na mkondo, linaongezeka kwa mraba wake. Mkondo mara tatu kasoro kidogo ni joto zaidi ya mara NANE.

"Lakini kuna fyuzi!" utaniambia. Nilikuwa nasubiri useme hivyo.

Fyuzi ya plagi yetu ya miguu mitatu, kama haijabadilishwa msumari au karatasi ya sigara, imeandikwa 13. Kiwango cha Uingereza ambacho plagi hizi zinakifuata kinataka fyuzi ya 13 ivumilie takriban ampea 20 kwa nusu saa nzima bila kukatika. Kwa hiyo ikiona 17 inasema: sawa.

Nenda kwenye sakiti breka, ile swichi ndogo ndani ya boksi la ukutani. Ya soketi kwa kawaida ni ampea 20 au 32. Ikiona 17 inasema: sawa.

Ukiwa na bahati una pia RCD. Hiki ni kifaa kinacholinganisha umeme unaokwenda na unaorudi. Kikiona tofauti ya miliampea 30, yaani umeme unavuja kupitia mwili wa mtu au kwenye chuma cha friji, kinakata kabla hujamaliza kusema "Yallah". Kifaa kizuri mno, na kila nyumba inakihitaji. Lakini usiku ule umeme wote uliokwenda ulirudi. Hakuna uliovuja. Kwa hiyo nacho kinasema: sawa.

Mita ya tokeni? Ile inahesabu yuniti zako. Ukiipa tarakimu zako 20 inafurahi. Haikujui wala haiyajui makuti yako.

Umeona? Vifaa vyote vinasema sawa, na plagi inayeyuka. Hakuna kilichoharibika. Kila kimoja kinafanya kazi iliyoandikwa kwenye karatasi yake. Sisi waandishi wa programu tunaijua hali hii: kila sehemu imepita majaribio yake, na mfumo mzima umeanguka.

Na huko kwetu kuna bahari. Hewa ya chumvi inakula shaba na vyuma vya soketi. Kiungo kikishalegea au kuota kutu kinakuwa na ukinzani wake. Tuseme nusu ya omu tu, ambayo ni kidogo sana. Pitisha ampea 10 hapo na unapata wati 50 za joto, zote zimekaa mahali padogo kuliko punje ya korosho. Chuma ninachotumia kuunganishia risasi kwenye bodi kina wati 40 hadi 60, na kinayeyusha risasi inayohitaji nyuzi 183. Yaani una chuma cha kuchomea ndani ya ukuta wako, kinawaka usiku kucha, na fyuzi, breka, RCD na mita vyote vinasema sawa.

Hoja yangu ya leo ni hii: kwa kuwa hakuna kifaa kitakachosema hapana, LAZIMA awepo mtu wa kusema hapana. Na awe na ruhusa. Mimi usiku ule nilikuwa na ujuzi lakini sikuwa na ruhusa. Mjomba alikuwa na ruhusa lakini hakuwa na habari. Nyumba huungua katikati ya watu wawili kama hao.

Najua majibu. Nimeyasikia yote, acha niyajibu moja moja.

La kwanza: "Miaka yote haijaungua." Ndugu yangu, hili ndilo jibu ninalolichukia kuliko yote, kwa sababu ofisini tunalisikia kila siku. "Kwangu inafanya kazi." Ilifanya kazi kwa sababu miaka hiyo ulikuwa na balbu mbili na redio. Mwaka huu una friji, birika na spika. Nyumba ni ile ile, waya ni ule ule, mzigo si ule ule. Nani Kizingitini anayepakia chombo kwa hesabu ya mzigo wa mwaka juzi? Nahodha anaangalia maji yamefika wapi ubavuni LEO. Akiona yamepanda anasema "shusha", na hakuna abiria anayemwambia shughulika na kompyuta.

La pili: "Ni kudra." Naheshimu. Mimi pia nimelelewa chuoni. Lakini baharia wetu hutia nanga kwanza ndipo atawakali. Sijamuona anayeacha mashua ikielea usiku na kusema Mungu ataishika. Mbona kwenye bahari tunachukua sababu, na kwenye soketi tunaacha?

La tatu: "Fundi alishapitisha." Fundi gani? Wapo mafundi wazuri, na nawaheshimu kuliko wengi wetu tunaobonyeza kibodi. Kenya ina sheria: kazi ya kutandaza nyaya inatakiwa ifanywe na fundi mwenye leseni, na wanaotoa leseni ni EPRA, mamlaka ya nishati iliyoundwa na Sheria ya Nishati ya mwaka 2019. Lakini hata fundi mwenye leseni alipitisha nyumba yenye soketi mbili kwa matumizi ya siku ile. Hakupitisha harusi yako.

La nne: "Hatuna pesa." Hili ndilo pekee linalostahili heshima, kwa sababu uvuvi una miezi yake na kusi ikivuma watu hawatoki. Lakini tuwe wakweli. Harusi ile ile ilikuwa na mchango wa nyama, wa mchele, wa mapambo, wa mpiga picha. RCD ni elfu chache za shilingi na inakaa miaka. Ekstensheni ya waya mnene ni nafuu kuliko kukodi spika usiku mmoja. Na kuchomoa birika wakati pasi inafanya kazi ni BURE.

Kwa nini nang'ang'ania hivi? Kwa sababu ya mahali. Nairobi moto ukiwaka unapiga simu, gari linachelewa, watu wanalalamika. Kwetu hakuna gari la kuchelewa. Hata likiwa limekwisha vuka bahari halipiti kwenye vichochoro vyetu. Chombo kutoka Amu kinapita mkondo wa Mkanda, na Mkanda unataka maji yawe yamejaa. Moto hausubiri maji kujaa.

Na tusijifanye hatujui moto ni nini kisiwani. Mwaka 2009 Faza, jirani zetu hapo, iliungua. Mamia ya nyumba, maelfu ya watu bila pa kulala. Sisemi ulikuwa moto wa stima. Nautaja kwa sababu ya mwendo wake: nyumba zimeshikana, paa za makuti, upepo. Nyumba moja ikishika, haishiki nyumba moja. Kwa hiyo ekstensheni yako si mambo yako ya ndani. Ni ya mtaa. Nikiona mzigo umezidi kwako nina haki ya kusema, na ukiona umezidi kwangu nawe sema.

Basi naomba hivi. Kila harusi kwetu ina kamati. Ina mweka hazina, ina msimamizi wa mpishi, ina wa kupokea wageni. Iongezeni mtu mmoja: mtu wa stima. Si lazima awe na digrii. Awe kijana au binti makini, asiyelala mapema, na wazee wamtangaze mbele ya watu: huyu akisema zima, tunazima, na hakuna wa kumgombeza. Kazi yake ni hii:

1. Ajue swichi kuu iko wapi, na chumba hicho KISIFUNGWE. Kama ni cha bi harusi, ufunguo uwe mfukoni mwake.

2. Ekstensheni isichomekwe kwenye ekstensheni. Na isipite chini ya mkeka wala kubaki imezungushwa kama kamba ya nanga. Waya uliozungushwa unafungia joto lake, na unafaa kubeba chini ya nusu ya ule ulionyooshwa.

3. Vitu vya joto, yaani birika, pasi na jiko la umeme, kimoja kimoja kwa wakati, na moja kwa moja ukutani. Friji na spika visikae pamoja navyo.

4. Kila saa apitishe mgongo wa mkono kwenye plagi zote. Vuguvugu, punguza mzigo. Moto, zima kwenye swichi ndipo uchomoe.

5. Hakuna kuchokoa tundu la juu la soketi kwa kalamu ili plagi ya miguu miwili iingie. Ile milango midogo ndani ya soketi iliwekwa kwa makusudi, na mguu wa juu ndio wa ethi. Ukiilazimisha, plagi inakaa legelege, na kuhusu vilivyolegea tumeshaongea.

6. Stima ikikatika, achomoe pasi kwanza. Pasi iliyosahaulika juu ya kanzu haina habari kwamba watu wamelala stima inaporudi saa tisa usiku.

7. Ndoo mbili za mchanga mkavu pembeni. Mchanga, SI maji, na hasa si maji ya bahari. Maji ya chumvi hupitisha umeme kuliko maji ya kisima, na anayeyamwaga kwenye waya ulio hai anaweza kuanguka yeye kabla ya moto.

Kwa wale mnaopenda kufungua-fungua vitu kama mimi, majaribio mawili ya dukani. Angalia miguu ya plagi. Ile miwili ya chini inatakiwa kuwa na kava ya plastiki nusu yake. Ule mrefu wa ethi HAUTAKIWI kuwa nayo. Ukiona unayo, plagi ni ya bandia, irudishe. Pili, toa sumaku kwenye diski ngumu iliyokufa, tembea nayo sokoni, iguse miguu hiyo. Shaba nyeupe na shaba nyekundu hazishikwi na sumaku. Ikishika, umeuziwa bati lililopakwa rangi. Muuzaji atakukasirikia. Mwache akasirike. Tafuta pia alama ya KEBS, na ihakiki namba iliyo chini yake, maana kibandiko hata mimi naweza kukichapisha.

Mwezi uliopita nilimpigia mjomba. Mwanawe wa mwisho anaoa Desemba hii. Nikamwambia, mjomba, sitaki kazi ya kupokea wageni mwaka huu, nipe kazi ya stima. Akacheka. Akaniuliza, "Utatuzimia tena muziki?" Nikamjibu, "Nikiona inaungua, nitazima." Akakaa kimya kidogo, kisha akasema atalileta jambo hilo kwenye kamati.

Bado nasubiri jibu. RCD nimeshanunua, iko hapa mezani kando ya kibodi, na fundi mwenye leseni wa kuifunga nimeshakubaliana naye. Lakini kama mlivyoona kwenye hesabu, RCD peke yake haitoshi. Nataka ile ruhusa.

Na wewe msomaji, kabla hujaendelea na mambo yako, inama sasa hivi. Chini ya meza. Gusa ile plagi kwa mgongo wa mkono.

Kisha njoo uniambie ilikuwaje. Alamsiki.